Wimbo wa marehemu baba: niufiche au niusikilize?

SWALI: Baba yetu alifariki miaka 7 iliyopita. Kulikuwa na wimbo mmoja alioupenda kuliko nyimbo zote, na alikuwa nao kwenye kanda ndani ya gari. Ukikaribia kiitikio, anapunguza sauti mpaka kimya, anaimba mwenyewe, halafu anaipandisha tena kuona kama yeye na mwimbaji bado wako pamoja. Akipatia, sisi watoto tunashangilia. Picha zake nazitazama bila shida, lakini wimbo ule ukianza tu machozi yananilenga, na yanamwagika kabla hata ya kiitikio, pale gitaa linapobaki peke yake. Kwa hiyo nimekuwa nikiukwepa. Sasa binti yangu wa miaka 13 ameugundua na anaupiga kutwa kwenye simu. Nahofia utachuja, na baba ataondoka nao. Nimkataze? Kaka yangu naye anasisitiza kwamba ile safari ya mvua ninayoikumbuka kuliko zote, wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa mwingine kabisa. Na mama, ambaye ameanza kupoteza kumbukumbu, nimpigie wimbo huu au nitamuumiza?

JIBU: Dada yangu, pole. Miaka 7 ni mingi kwenye kalenda, lakini barua yako inaonyesha wazi kwamba baba yenu bado ana nafasi yake katika kila safari ya gari unayoikumbuka.

Binti usimkataze, na wewe usiendelee kuukwepa wimbo. Hofu yako ina ukweli ndani yake, ila umeielekeza kwa mtu asiyehusika. Mtoto kuupenda wimbo wa babu yake hakuwezi kukunyang'anya chochote. Kinachoweza kuupunguzia wimbo nguvu ni wewe kuusikia mchana kutwa ukiwa jikoni, ukiwa kwenye simu, ukiwa unagombana na mtu, bila kuusikiliza hata mara moja. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nitayarudia. Kwanza machozi.

Umesema yanatoka kabla ya kiitikio, gitaa linapobaki peke yake. Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa, kwa sababu imeeleza vizuri jambo ambalo watafiti wamelipima maabara. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akiwamo Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, liliwaomba watu walete nyimbo zao wenyewe, zile zinazowasisimua mpaka vinyweleo vinasimama. Wakapima dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, wakati wakisikiliza. Kwenye kilele cha wimbo dopamini ilitoka katika sehemu moja ya ubongo, na muda mfupi kabla ya kilele, msikilizaji akiwa bado anakisubiri, ilikuwa imeshaanza kutoka katika sehemu nyingine inayohusika na kutarajia. Mtu anayeujua wimbo, kwa maneno mengine, huguswa mara mbili: anapojua kwamba jambo linakuja, na linapofika.

Sasa fikiria kilichokuwa kinakuja kwako. Gitaa lile likibaki peke yake, mkono wa baba ulikuwa tayari uko njiani kwenda kwenye kitufe cha sauti. Kwa miaka yote ile mwili wako ulijifunza kwamba baada ya gitaa anaimba baba. Leo gitaa linafika, mwili unamngoja, na anayeimba ni mwimbaji wa kwenye kanda peke yake. Ndiyo maana unaanza kulia kabla ya kiitikio. Unalia kwenye nafasi ambayo yeye ndiye aliyekuwa anaijaza.

Picha haina jambo hilo. Picha imetulia, unaamua kuitazama, unajiandaa, na ukitaka unageuza macho. Wimbo hauombi ruhusa. Mwaka 2019 watafiti wa University College London waliwapigia watu vipande vifupi sana vya nyimbo, huku wakipima mboni za macho na mawimbi ya ubongo. Waligundua kwamba ubongo hutofautisha wimbo unaojulikana na ule usiojulikana ndani ya sehemu 1 hadi 3 za kumi za sekunde. Huo si muda wa mtu kujikaza. Mpaka unasema moyoni "huu ni ule wimbo," mboni zako zimeshatanuka.

Tena wimbo ukishaleta kumbukumbu, huileta na vitu vyake. Amy Belfi na wenzake katika Chuo Kikuu cha Iowa walilinganisha, mwaka 2016, kumbukumbu zinazoamshwa na nyimbo na zile zinazoamshwa na nyuso za watu maarufu. Masimulizi yaliyotokana na nyimbo yalikuwa hai zaidi: nani alikuwepo, mwanga ulikuwaje, mtu alijisikiaje. Uso wa mtu maarufu si uso wa mzazi, kwa hiyo siupimi msiba wako kwa utafiti huo. Lakini unapatana na barua yako. Picha zinakuambia baba alikuwa na sura gani. Kwenye wimbo unamwona akiwa anafanya jambo, na wewe ukiwa kiti cha nyuma.

Na isikupite kwamba wimbo wa namna hii ni adimu. Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California kule Davis aliwapigia wanafunzi vipande vya nyimbo zilizovuma walipokuwa na umri wa miaka 7 hadi 19, akawauliza kama vinawakumbusha jambo lolote la maisha yao. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2007, ni takriban asilimia 30 tu ya nyimbo zilizoamsha kumbukumbu ya aina hiyo. Nyingine zilipita kama upepo, ingawa wengi walizifahamu. Miaka 2 baadaye alionyesha kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, katikati, hufanya kazi zaidi pale wimbo unapokuwa umefungamana na maisha ya msikilizaji. Sehemu hiyohiyo inahusika pia na mtu kujifikiria yeye mwenyewe. Wimbo, kumbukumbu na nafsi yako vinakutana mahali pamoja, ndiyo maana haiwezekani kugusa kimoja ukaacha vingine.

Jambo hili lilitambuliwa zamani kabla ya mashine zozote. Mwaka 1768 mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau aliandika katika kamusi yake ya muziki juu ya wimbo wa wachunga ng'ombe wa Uswisi, akasema ulipigwa marufuku kati ya askari wa Kiuswisi waliokuwa wakitumikia mbali na kwao, kwa sababu wakiusikia walilia, walitoroka au walikufa. Sijali sana kama marufuku hiyo ilikuwa kali kiasi hicho. Ninachokithamini ni alichokiongeza: kwamba mtu mgeni akiusikiliza wimbo huo haoni kitu cha ajabu ndani yake, kwa sababu nguvu yake haitoki kwenye muziki wenyewe, inatoka kwenye yale unayomkumbusha mwenye nao. Ukishalielewa hilo, utaelewa kwa nini binti yako anaucheza huku anatabasamu na wewe unatoka chumbani. Mnasikia sauti moja, ila kila mmoja ana ya kwake aliyoambatanisha nayo.

Niseme kidogo kuhusu ule mchezo wa baba yenu, maana nimeupenda, na nadhani hamkujua alikuwa anafanya jambo kubwa kiasi gani. Kuzima sauti, kuendelea kuimba, na kuirudisha ukiwa palepale alipo mwimbaji kunahitaji kasi ya wimbo iwe imekaa kichwani sawasawa. Daniel Levitin na Perry Cook, mwaka 1996, waliwachunguza watu wa kawaida, wengi wao si wanamuziki, wakiimba nyimbo wanazozipenda bila kusikilizishwa chochote. Asilimia 72 ya uimbaji huo ulikuwa ndani ya asilimia 8 ya kasi ya rekodi halisi, tofauti ambayo sikio la kawaida hulinasa kwa shida. Levitin alikuwa ameshaonyesha, mwaka 1994, kwamba wengi pia huanza karibu na sauti ileile ya rekodi, wala hawajui kwamba wanafanya hivyo. Kwa hiyo baba hakuwa anabahatisha. Wimbo ulikuwa umeingia mpaka kwenye pumzi zake. Na mliokuwa mnashangilia nyuma mlikuwa mnaupima pamoja naye kimyakimya, la sivyo msingejua kama amepatia. Maana yake ni kwamba kasi ile unayo na wewe.

Hapo ndipo hofu ya kuchuja inapohitaji kuchambuliwa vizuri. Wimbo wenyewe hautachuja. Sauti, kasi, gitaa, mahali mwimbaji anapovuta pumzi, hayo uliyashika ukiwa mtoto na utazeeka nayo. Kinachoweza kulegea ni kiungo kati ya wimbo na baba. Wanasaikolojia wa kumbukumbu wanajua kwa muda mrefu kwamba kitu kimoja kikiambatanishwa na mambo mengi, uwezo wake wa kumrudisha mtu kwenye jambo moja maalumu hupungua. Ufunguo unaofungua mlango mmoja ukiuchonga ufungue milango ishirini, kila mlango utaanza kusumbua. Hata wimbo ni hivyo. Uliousikia kwenye gari la baba tu unakupeleka kwenye gari la baba. Uliousikia kwenye gari la baba, na kwenye foleni ya benki, na kwenye mlio wa simu ya jirani, na kila asubuhi ukiamka, unakupeleka popote na haukufikishi.

Kwa sababu hiyo namshauri mtu yeyote aliye na wimbo wa namna hii asiufanye mlio wa simu wala kengele ya kumwamsha. Naona watu wakifanya hivyo kwa mapenzi kabisa, wakitaka wawe karibu na waliowapoteza, na baada ya miezi michache wanasema wimbo "umekuwa wimbo tu." Sijui tendo dogo lenye hasara kubwa kuliko hilo. Usiuweke hata kwenye orodha ya nyimbo za kupiga wakati wa kazi za nyumbani.

Lakini usije ukasema basi, kumbe nilikuwa sahihi kuukwepa. Kuukwepa nako kuna gharama, na miaka 7 imeshakuonyesha. Wimbo unaokwepwa haupotei mjini. Utaukuta kwenye sherehe, kwenye gari la mtu, dukani. Kila ukikukuta hivyo unakuwa umekuvamia, wewe unakimbia, na mwili unajifunza kitu kipya kibaya: kwamba sauti ile ni hatari. Ukiendelea hivyo miaka mingi, kitakachobaki kimefungamana na wimbo ni ule mshtuko na kukimbia, huku kicheko cha watoto kwenye kiti cha nyuma kikizidi kusogezwa mbali. Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa kwako, kuliko ile ya binti na simu yake.

Sasa binti. Ana miaka 13, na umri huo si wa kawaida katika habari hizi. Mtu mzima akiombwa ataje nyimbo na matukio yaliyomkaa zaidi, mengi hutoka katika kipindi cha tangu miaka 10 hivi mpaka kufikia 30. Yeye ndiyo kwanza anauingia mlango huo. Anachokisikiliza leo atakikumbuka akiwa na mvi. Kuna utafiti wa Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa mwaka 2013 ambao naupenda sana. Waliwapigia vijana wa chuo, wenye umri wa miaka 20 hivi, nyimbo zilizovuma Marekani kuanzia mwaka 1955 hadi 2009. Walitarajia vijana wavutiwe na nyimbo za ujana wao, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini palitokea pia mwinuko mwingine kwenye nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wazazi wao walipokuwa vijana, na mwinuko mdogo zaidi kwenye nyimbo za miaka ya 1960, ambazo huenda zilipitia kwa mababu. Nyimbo hurithishwa ndani ya nyumba, na wenye kurithi hawajui kwamba wanarithi.

Hicho ndicho kinachoendelea kwenu, na kimefika bila wewe kukipanga. Ukimkataza, atajifunza kwamba wimbo wa babu ni jambo la kunong'onezwa. Ukimweleza, utakuwa umemwachia kitu. Mwambie habari ya kitufe cha sauti. Mwambie jinsi mlivyokuwa mnashangilia. Kisha mwombe, kama mama anavyoweza kumwomba mtoto jambo la haki, kwamba ukiwa nyumbani autumie na vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu wewe bado unautafutia utulivu. Mtoto wa miaka 13 akiambiwa ukweli huelewa. Anachokasirikia ni katazo lisilo na sababu.

Kuhusu kaka yako na safari ya mvua, nitakuwa mkweli kwako: huenda yuko sahihi. Huenda uko sahihi wewe. Inawezekana pia nyote wawili mnakosea, na kanda siku hiyo ilikuwa imekwama. Kumbukumbu haitunzwi kama kanda inavyotunza sauti. Kila mtu anapoikumbuka huijenga upya kutokana na vipande, na ikishajengwa huhifadhiwa tena pamoja na lolote lililoongezwa wakati wa kuijenga. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu iliyokwisha kukaa imara, ikiamshwa, hulegea kwa muda na inahitaji kuimarishwa upya. Kwa binadamu mambo ni mapana zaidi, lakini matukio mawili yenye hisia moja kuungana na kuwa moja ni jambo la kila siku. Wewe ulikuwa na safari ya mvua na ulikuwa na wimbo wa baba. Vyote viwili vilikuwa na baba, na vyote ni vya kweli. Huenda kilichounganishwa ni tarehe tu.

Kwa hiyo msigombee nani mkweli. Mwombe kaka akwambie wimbo aliousikia yeye ni upi na ulikuwaje, na umwache amalize kabla hujamjibu. Anashikilia kipande cha baba ambacho wewe huna. Ndugu wengi niliowasikiliza wamepoteza vipande hivyo kwa kubishana juu ya siku ya juma.

Sasa namna ya kuusikiliza. Kabla ya kubonyeza chochote, chukua karatasi uandike unachokikumbuka hivi sasa: kiti ulichokaa, nani alikuwa upande gani, harufu ya gari, rangi ya kitufe kama unaijua, sauti ya baba ilikuwa nzito au nyembamba, aliimba maneno yote au mengine aliyabuni. Andika kabla ya kusikiliza, kwa sababu ukishasikiliza utaijenga kumbukumbu upya, na ni vizuri uwe na nakala ya kwanza. Kama wimbo unaamsha kitu kipya, kiongeze kwa kalamu ya rangi nyingine. Hata kaka akiongeza ya kwake, iwe na rangi yake.

Halafu tafuta rekodi ileile. Hili watu hulidharau. Kama baba alikuwa na kanda, toleo la sasa lililosafishwa, au lile la jukwaani, au la mwimbaji mwingine, linaweza lisikufikishe kabisa, ukadhani umeshamsahau. Kumbukumbu huja kwa urahisi zaidi pale unachokisikia kinapofanana na ulichokisikia siku ile, pamoja na kasoro zake. Na kanda zilikuwa nazo: mvumo wa chini kwa chini, vyombo vingine kuzunguka haraka au polepole kidogo kiasi cha kuubadilisha wimbo mzima, mahali mkanda ulipovutika. Kama kanda yenyewe bado ipo nyumbani kwa mtu, ichukueni kabla haijaharibika, mpate mtu mwenye kifaa cha kuihamishia kwenye kompyuta. Mwambieni asiisafishe. Nawasihi kwa hilo. Sehemu aliyokuwa akiimba baba haimo humo, lakini kila kitu kilichokuwa kimemzunguka kimo.

Usikilize ukiwa umekaa, mchana, siku ambayo huna pa kukimbilia. Usikilize wote, tangu sauti ya kwanza mpaka mwisho, hata ukilia. Watu wengi huuzima machozi yanapoanza, na hapo wimbo hubaki umeishia kwenye maumivu, maana beti zilizobaki hazikupewa nafasi. Ukifika mwisho, kaa kidogo, andika, kisha endelea na siku yako. Usiurudie palepale. Mara moja kwa wiki inatosha kwa kuanzia, na wengi hugundua kwamba kufikia mara ya tatu au ya nne machozi hayajaisha lakini yamebadilika. Kinaanza kuja na kicheko. Baada ya hapo unaweza kuutengea siku zake: siku ya kuzaliwa kwake, safari ndefu, mkiwa na kaka.

Machozi yenyewe usiyaogope. Mwaka 2014 Liila Taruffi na Stefan Koelsch waliwauliza watu 772 wanajisikiaje wanaposikiliza muziki wa huzuni, na hisia iliyotajwa mara nyingi zaidi haikuwa huzuni. Ilikuwa ile hamu tamu yenye uchungu ya mambo yaliyopita. Mtu anaweza kulia kwa kuwa amenufaika na kitu kikubwa ambacho hakipo tena. Ila kuna watu ambao muziki wa namna hii huwazidishia mzigo, hasa wale wenye tabia ya kuzungusha mawazo yaleyale machungu bila kufika popote. Jipime baada ya saa moja, siyo wakati wa kusikiliza. Kama saa moja baadaye umechoka lakini umepata nafuu, endelea. Kama unazidi kuzama, unajilaumu, hulali usiku, au siku ya pili huwezi kufanya kazi, simama kwanza. Na kama uchungu wa baba umekuwa hivyo siku nyingi, hata pasipo wimbo, mwone mshauri nasaha au daktari. Shirika la Afya Duniani limeiingiza huzuni ya msiba iliyopitiliza katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, kwa hiyo si udhaifu wala si aibu, ni jambo lenye matibabu. Kwa jinsi ulivyoandika sidhani kama ndiko uliko, lakini wewe ndiye unayejua usiku wako.

Imebaki mama, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Ni kweli kwamba muziki hudumu pale ambapo mengine yameondoka. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, wakiongozwa na Jörn-Henrik Jacobsen, walionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazohusika na kuzikumbuka nyimbo za zamani ni miongoni mwa zile zinazochelewa kuharibiwa na ugonjwa wa Alzheimer. Nchini Uingereza yupo mwanamuziki Clive Wearing, ambaye maambukizi ya ubongo ya mwaka 1985 yalimwacha bila uwezo wa kushika jambo jipya kwa zaidi ya muda mfupi sana, na bado aliweza kukaa kwenye piano na kupiga. Kwa hiyo mama anaweza kuimba ubeti mzima huku jina la siku limempotea.

Lakini wimbo huu ni wa baba. Nani amekwambia kwamba ni wa mama pia? Aliuzoea, ndiyo, lakini inawezekana alikuwa amekaa pale mbele akiuvumilia kwa ajili ya mumewe. Nyimbo za mama ni zile za ujana wake yeye, alizoziimba kabla nyinyi hamjazaliwa. Waulize dada zake na marafiki wa zamani, uanze na hizo. Mpigie kwa sauti ya wastani, kwenye chumba kisicho na televisheni wala mazungumzo mengine, na umtazame yeye, usitazame simu. Mguu ukianza kupiga mapigo, midomo ikisogea, mikono ikilegea, mwache afurahi. Akikunja uso, akitaka kuinuka, akianza kuuliza mambo kwa wasiwasi, zima taratibu na ubadilishe mazungumzo.

Wimbo wa baba uje baadaye, mkiwa nyumbani na kaka akiwepo, asubuhi akiwa na nguvu. Jambo la kujiandaa nalo ni hili: anaweza kuuliza baba yuko wapi. Mtu aliyepoteza kumbukumbu akiambiwa kwa mkato kwamba mumewe amekufa anaweza kuupokea msiba kama mpya, na kesho ukaupokea naye tena. Usimdanganye kwamba anakuja, wala usikimbilie kumpa taarifa. Muulize, "Baba alikuwa anaupenda huu, eti?" Umwache azungumze atakavyo, akikosea jina au mwaka usimsahihishe, na akikaa kimya usimlazimishe. Akiuomba tena wiki inayofuata, mpigie. Asipouomba, ziko za kwake.